Bolti Sita Zilizokazwa Gari Likiwa Juu

Kuna Ijumaa moja, Mwanangu, ambayo kila nikijaribu kuipita inanishika shati. Ilikuwa ile miaka ya tisini, kabla barabara kuu ya Thika haijapanuliwa, nami nilikuwa kijana wa miaka ishirini na tatu mwenye ovaroli moja na maneno mengi. Sijui kama nitaieleza sawasawa. Shule niliishia darasa la nane, na daftari ninalotegemea, ambalo niliandika kwa mkono wangu mwenyewe, nimegundua si shahidi mwaminifu. Lakini nitajaribu, na pale nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika.

Nilikuwa natengeneza magari Majengo, hapa Thika, kwa Mzee Shabani. Baba yangu alitutoa Bungoma akaja kufanya kazi kiwandani, na aliponiona sina hamu ya kiwanda akanipeleka kwa huyu mzee. Mzee Shabani alikuwa Mwislamu mwembamba, mpole, na kofia yake nyeupe haikupata doa la oili hata siku moja. Mpaka leo sijui alifanyaje. Alipenda magari ya zamani, yale ya Kiingereza yenye springi za vyuma vilivyopangwa kama vitabu chini ya mgongo wa gari. Watu waliyaleta kutoka Juja, Ruiru, hata Nairobi.

Sasa nikueleze jambo moja la kazi, kwa maana hadithi yote imekalia hapo. Kila mwisho wa springi kuna tundu, na ndani ya tundu kuna mpira mdogo wa duara tunaouita bushi, na katikati ya bushi inapita bolti. Mwisho wa nyuma hushikwa na kipande cha chuma chenye bolti mbili, kwa hivyo springi mbili za nyuma zina bolti sita. Mpira ule hushika pale ulipokazwa. Ukikaza bolti gari likiwa juu ya vigogo, magurudumu yakining'inia, mpira unazoea kule juu. Gari likishuka unasokoteka kama nguo inayokamuliwa, na kila siku utapigana na uzito. Kwa hivyo bolti hufungwa kwa mkono tu kwanza, gari linateremshwa, linabebeshwa watu, ndipo fundi anaingia chini na kukaza.

Kwa Mzee Shabani hiyo ilikuwa kama sherehe. Alipiga spana kwenye ringi ya gurudumu, ngo ngo ngo, na majirani wakajua gari linakaliwa. Alikuja Mama Asha wa chai, akaja kinyozi, akaja yeyote aliyekuwa na makalio ya kuazima. Wakajipanga kiti cha nyuma, wakicheka. Mama Asha hakukosa neno. "Dereva, nishukishe Mombasa," angesema, "lakini pole pole, nimebeba mayai." Na Mzee Shabani yuko chini, anakaza, anauliza, "Mmekaa vizuri?" Hakukaza mpaka wajibu.

Ningetoa nini, Mwanangu, nisikie tena ile ngo ngo ngo.

Wiki hiyo tulikuwa na gari la Mwalimu Kamau, mwalimu mstaafu wa Ruiru. Lilikuwa la rangi ya maziwa, na alikuwa nalo tangu watoto wake wakiwa wadogo. Springi za nyuma zilikuwa zimechoka kabisa, kila shimo gari linagonga tumbo. Hata hivyo hakulileta kwa ajili ya gari. Mke wake, Mama Wambui, alikuwa amevunjika nyonga, na ingawa mfupa ulishaunga hakuweza kuvumilia kurushwarushwa. Na mama yake mzazi, ajuza wa miaka mingi, alikuwa kitandani kule Murera, haamki tena, anamwita binti yake kwa jina kila siku.

"Fundi," Mwalimu alituambia, "mimi siombi gari likimbie. Naomba tu lifike Murera bila kumliza mke wangu."

Tukavua springi, tukaongeza vyuma vipya, tukatia bushi mpya zote. Hiyo kazi niliifanya vizuri, nasema ukweli. Ijumaa saa sita ilibaki kushusha, kukalia na kukaza. Mzee Shabani akanawa, akatengeneza kofia yake. "Nikirudi msikitini tutaita watu," akasema.

Lakini mimi nilikuwa na mambo yangu. Kulikuwa na msichana Ruiru, akifanya kazi kwenye shamba la maua. Baba yake alikuwa amemwita nyumbani Webuye, na saa tisa ya siku hiyohiyo alikuwa aondoke, pengine asirudi. Nilikuwa sijamwambia neno. Nilikuwa na neno moja tu, na saa tisa ilikuwa inakuja.

Majengo yote ilikuwa kimya, wanaume wako msikitini, kibanda cha Mama Asha kimefungwa. Hapakuwa na wa kukaa. Nikaingia chini ya gari likiwa bado juu ya vigogo, nikazikaza bolti zote sita mpaka spana ikalia. Kisha nikalishusha.

Mzee Shabani aliporudi nilikuwa nimeshavua ovaroli.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Mzee."

"Limekaliwa?"

"Limekaliwa. Mama Asha alikuja, na jamaa wawili wa kwa kinyozi."

Aliniangalia, nami nikaangalia vigogo. Njia ya mwongo ni fupi, lakini ukiwa mwanzoni mwake unaiona ni ndefu ya kutosha kukufikisha. "Haya," akasema. "Mungu akubariki, kijana. Nenda."

Daftari langu la siku ile linasema hivi: Ijumaa. Springi za Mwalimu zimekwisha. Nimefika Ruiru kabla hajaondoka. Mungu ni mwema. Hakuna neno lingine. Hata karatasi niliidanganya, karatasi isiyoniuliza kitu.

Na nisikufiche, kwa kuwa nataka kuwa mwenye haki: msichana yule nilimkuta na sanduku lake mlangoni, nikamwambia neno langu, na ndiye aliyekuja kuwa mke wangu miaka ishirini na sita, mpaka Mungu alipomchukua. Kwa hivyo siwezi kukuambia kwamba haraka ile ilinipa hasara tupu. Ningekuwa natia uongo juu ya uongo. Wakati mwingine kosa hukuletea kitu kizuri, na hapo ndipo huwa gumu kulijutia sawasawa.

Jumatatu asubuhi Mwalimu Kamau alirudi. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

"Mzee Shabani, sitaki kulaumu," akasema. "Lakini hii gari imekuwa ngumu kama mkokoteni. Jana tulipita Kalimoni, barabara ikaanza mawe, mama akawa analia. Tukavumilia kidogo. Mwishowe akaniambia, Baba Wambui, geuza, siwezi. Tukageuza."

Mzee Shabani alikwenda nyuma ya gari, akaweka mikono miwili kwenye buti, akasukuma chini. Halikwenda. Lilisimama kama meza. Akamwita Mama Asha kutoka kibandani.

"Mama Asha, Ijumaa ulipokalia hii gari, ilikuwa inalia?"

"Mimi?" Mama Asha akashika kiuno. "Ijumaa si nilikuwa kwa dada yangu Kiandutu mpaka magharibi? Kama kuna Mama Asha alikaa hapo, basi ni jini langu. Na alipe nauli!"

Watu wakacheka. Kinyozi alicheka mpaka akaweka makasi chini. Mzee Shabani hakucheka, na hakuniangalia. Akamgeukia Mwalimu, akamwambia, "Mwalimu, kosa ni la gereji yangu. Nipe nusu saa."

Aliingia chini mwenyewe. Alipolegeza bolti ya sita gari lilishuka vidole viwili hivi, likatoa sauti kama mtu mzima anayeketi baada ya safari ndefu. Sauti ile bado ninayo. Akapiga ngo ngo ngo, watu wakaja, Mwalimu mwenyewe akakaa pale anapokaa mke wake. "Mmekaa vizuri?" Wakasema wamekaa. Akakaza.

Mwalimu alipoondoka, Mzee Shabani alinipa kopo la maji nimmiminie anawe. Nilikuwa nangoja matusi. Akanawa kidole kimoja kimoja.

"Msichana ulimkuta?"

Sikujua kwamba alijua. "Nilimkuta, Mzee."

"Alhamdulillahi." Akajifuta. "Wafula, mimi pia niliwahi kuwa kijana. Ungeniambia tu, Mzee, bado. Neno moja. Ningekuambia nenda, na ningekaza mimi."

Basi. Nimepigwa na baba yangu, nimepigwa na walimu, lakini hakuna fimbo niliyobeba miaka yote hii kama hiyo "ningekaza mimi".

Mwalimu alikuwa amepanga mke wake apumzike siku chache, kisha Jumamosi wajaribu tena. Jumanne yule ajuza wa Murera akafariki. Jumamosi ikawa siku ya mazishi.

Mzee Shabani aliposikia aliniambia, "Utakwenda nao. Utakaa nyuma na mama. Kama gari litagonga, likugonge wewe kwanza."

Nikaenda Ruiru na ovaroli yangu ndani ya mfuko. Mwalimu aliendesha. Mimi na Mama Wambui tulikaa nyuma, yeye na kitenge cheusi na mto mdogo ubavuni. Hatukuwa tumewahi kuonana. Akanishika mkono juu ya kiwiko, na kila tulipokaribia shimo alikaza vidole, gari likazama, likainuka, na vidole vikalegea. Tulipita Kalimoni. Tulipita pale walipogeuza.

"Leo sikuumia," akasema taratibu. "Limelala vizuri. Asante, mwanangu." Kisha, akiangalia nje, akaongeza, "Jumapili ni mimi tu. Sikujikaza. Mtu anataka kumwona mama yake, kisha ashindwe na mawe? Ningevumilia kidogo tu. Ilikuwa ni hapo tu."

Mwanangu, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, huwezi kujua uzito wake mpaka ukae naye kiti kimoja. Nilikuwa nimejiambia nitanyamaza. Mzee Shabani alishabeba lawama, gari limetengenezwa, nani ataongezewa nini nikisema? Lakini mama yule alikuwa amechukua kosa langu akalitia moyoni mwake kama lake, na alikuwa anakwenda kumzika mama yake nalo.

"Mama," nikamwambia, "haikuwa wewe. Ni mimi."

Nikamweleza yote, bolti, vigogo, Ijumaa, msichana. Mwalimu akapunguza mwendo lakini hakugeuka. Mama Wambui akatoa mkono wake kwenye mkono wangu, akauweka juu ya magoti. Tukaenda hivyo mpaka lango la boma lao kule Murera, na huo ndio mwendo mrefu kuliko yote niliyowahi kwenda, ingawa sidhani ilikuwa zaidi ya dakika kumi.

Mwalimu akazima gari. Wanawake walikuwa wameanza kuimba ndani. Nikashuka, nikazunguka, nikafungua mlango wake, nikasimama kando ili mume wake amshike. Mume wake akaja. Lakini Mama Wambui aliniangalia kwa muda, akanyoosha mkono upande wangu. "Nishike," akasema. "Pole pole. Upande huu ndio mbovu."

Kama alinisamehe, sijui. Hakusema, nami sikuuliza. Nilimshika mpaka akakaa kwenye kiti karibu na jeneza, na alipokaa mgongo wake ulikuwa umenyooka.

Siku hizi pale gereji ilipokuwa kuna nyumba ya orofa, nguo zimeanikwa roshani zote. Mzee Shabani, Mama Asha, mke wangu, wote wametangulia. Nikipita huwa nasimama kidogo, watu hudhani nimepotea. Nasikiliza tu.

Majuto ni mjukuu, wamesema, na huyu mjukuu nimemlea kwa muda mrefu, kwa hivyo nikuachie nilichokipata kwake. Usikaze jambo likiwa hewani. Kazi, ahadi, hata ndoa, lishushe kwanza, litie uzito wa watu watakaolibeba, uwaulize kama wamekaa, ndipo ukaze. Na ukiwa na haraka, kwa maana utakuwa nayo na pengine itakuwa ya haki kama yangu, sema bado. Kuna mtu kando yako atakayesema nenda, nitakaza mimi. Ukimdanganya unamnyima hata nafasi ya kukusaidia. Na ukiona mwingine anajilaumu kwa kosa lako, fungua mdomo, hata kama mkono wake utakuacha.

Mungu akupe subira ya mikono, Mwanangu, na ulimi usioona haya kusema bado. Akuwekee karibu mzee wa kukuuliza kama limekaliwa. Na siku utakapokuwa mzee na mifupa yako inauma, barabara yako iwe ya mawe au ya lami, ubebwe na gari ambalo kijana fulani alilishusha kwanza chini.