Jiwe la Feruzi

Juzi nilikuwa kwa sonara wa Miembeni, nasubiri saa yangu, mama mmoja wa Kashozi akaweka pete juu ya kaunta. Jiwe lake la feruzi, lililokuwa buluu, lilikuwa limegeuka kijani kichafu.

"Huu ni utomvu wa ndizi," alisema sonara. "Mama, kwa nini unamenya ukiwa umeivaa?"

"Mume wangu alisema nisiivue mpaka arudi kutoka vitani. Nimeivua sasa hivi tu, uione. Rangi itarudi?"

"Hairudi." Sonara akatafuta la kumfariji. "Lakini feruzi ni jina la zamani, la Kiajemi. Maana yake ushindi."

Mama akaivaa tena, akaisukuma mpaka ikapita kifundo cha kidole.

"Ushindi umeshafika, fundi. Redio imetangaza. Yeye bado."

Tangu hapo, mji ukishangilia, mimi natazama vidole vya akina mama.