Nilifanya mwili wangu kituo cha hali ya hewa: mwezi wa kwanza wa dawa ya huzuni, Kisangani wakati wa vita

Wakuu, habari za leo.

Mimi humu ni msomaji tu. Naingia, nacheka, natoka. Lakini juzi kuna mwenzetu aliandika kwamba ameanza dawa ya depression, yuko siku ya nne, mdomo umekauka kama gunzi, anataka kuacha. Wengine wakamwambia ni mambo ya Wazungu, wengine wakamwambia afunge na kuomba. Nimeshindwa kunyamaza.

Ninayoandika yalinipata mimi mwenyewe. Mama watoto yuko hapa pembeni ananisomea kila mstari, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi sipati nafasi.

Kiswahili changu mkivumilie. Mimi ni mtu wa Congo, mji wa Kisangani. Kigoma nimekuja ukubwani.

Bon, tuanze.

Kabla ya vita nilikuwa nafanya kazi Yangambi, kile kituo cha utafiti wa kilimo kando ya mto. Msije mkaniita mtafiti, jamani. Kazi yangu ilikuwa kusoma vipimo vya hali ya hewa. Mvua milimita ngapi, joto ngapi, mawingu ya namna gani. Kila asubuhi saa kumi na mbili, miaka kumi na moja.

Pale kulikuwa na sheria moja, naomba muikumbuke maana tutairudia. Kipimo kimoja kinasomwa na watu wawili.

Wa kwanza anasoma, anaandika kwa penseli, hasemi kitu. Wa pili anasoma, anaandika kwake kwa penseli, naye hasemi kitu. Halafu mnalinganisha. Mkipatana, inaandikwa kwa bic, kalamu ya wino isiyofutika, kwenye daftari kubwa. Msipopatana, mnarudi kusoma upya.

Kwa nini? Kwa sababu mtu akisoma peke yake kila siku, jicho linaanza kuona kile linachokitegemea. Jana sifuri, juzi sifuri, basi na leo anaandika sifuri, kumbe kuna milimita mbili zimelala humo ndani.

Vita ilipofika, kituo kikasimama. Tukakimbilia Kisangani, tukapanga chumba upande wa Simi-Simi, karibu na uwanja wa zamani wa ndege. Halafu majeshi mawili ya wageni yakapigania mji ambao haukuwa wa yeyote kati yao, sisi katikati. Mabomu yanapita juu ya paa kwenda, mengine yanapita kurudi. Siku zile sizielezi hapa, anayezijua anazijua.

Nataka kueleza yaliyofuata. Mabomu yalinyamaza, majirani wakatoka, wakawasha mbabula za mkaa, wakaanza kupika lituma, ndizi za kuponda, kama zamani. Mimi sikutoka.

Yaani mwili ulitoka, lakini mimi mwenyewe wapi! Silali. Sili. Mtu akiniuliza kitu, jibu linanichukua muda mpaka anaondoka. Na kitu cha ajabu kwa mtu wa kazi yangu: niliacha kutazama juu. Nikitoka nje macho chini, kama mtu aliyeangusha sindano. Kwangu mbingu ilikuwa mahali mabomu yanapotoka, basi.

Mke wangu, Mama Nadine, ni binti wa wavuvi wa Barumbu, huko mto unakoteremkia. Mwanamke wa maneno machache. Alinivumilia karibu mwaka mzima. Siku moja mchana akaweka sahani mbele yangu, akabaki amesimama.

"Papa Nadine, niko na batoto watatu. Weye unakuwa wa ine. Nenda ku centre, uone infirmier. Nakupatia mwezi moja. Kama hakuna kitu, nitabeba batoto na pirogue, nitaenda nao kwa papa yangu."

Hakupiga kelele. Alifunga furushi la nguo kwa kikwembe, kitenge chake, akaliweka nyuma ya mlango. Kila nikipita nalikuta limekaa pale.

Wakuu, Barumbu kwa mtumbwi wakati ule haikuwa safari ya kwenda kusalimia wakwe. Mtoni kulikuwa na vizuizi vya askari, huku wa huyu, kule wa yule. Watu walikuwa wanaondoka na hawafiki, na hakuna wa kumuuliza. Nikajua wazi: nisipopona, mke na watoto wangu wanaingia kwenye maji yale. Niliogopa kuliko nilivyoogopa mabomu.

Nikaenda kwenye hiyo centre, kituo cha afya. Infirmier, yaani muuguzi, alikuwa kijana aliyesomea magonjwa ya akili, nitamwita Désiré. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo sikulitegemea, akanipa amitriptilini. Kidonge kimoja baada ya chakula cha jioni.

"Hii dawa, Papa, mbele ya kukusaidia itakusumbua. Wiki mbili, ao tatu. Uvumilie. Usiongeze, usipunguze, bila kuniona."

Mimi nilisikia neno moja tu. Itakusumbua.

Na hapo, wakuu, kikaamka kitu kilichokuwa kimelala mwaka mzima. Nikajikuta najiuliza: itanisumbua vipi? Kuanzia saa ngapi? Kwa kiasi gani? Nilikuwa sijajiuliza swali lolote tangu vita. Nilichukua daftari la shule la Nadine lililobaki nusu, nikachora mistari, nikaweka safu. Mdomo. Macho. Kichwa. Tumbo. Usingizi. Ya mwisho nikaiandika "Moyo". Nikachonga penseli.

Asubuhi ya kwanza niliamka kichwa kizito kama kimejazwa mchanga, na ulimi umenata kwenye kaakaa. Zamani ningelia. Safari hii nilisema, eeh, kumbe ndiyo hii! Nikaandika.

Mdomo niliupima kwa kwanga. Mnaijua kwanga, mhogo unaofungwa kwenye majani? Inanata. Siku ya pili nilimeza matonge mawili, la tatu likagoma. Siku ya tano hata moja halipiti bila maji. Mama Nadine ananitazama nabugia kopo baada ya kopo. "Uko nakunywa mayi sawa vile ngombe!" Nikagundua kipande cha ndimu kikikaa shavuni, mate yanarudi kwa muda. Nalo nikaliandika.

Macho nayo. Maandishi ya karibu yalikuwa yanaogelea. Nikachukua rula ya Nadine nikapima ni umbali gani niweke kitabu cha sala ndipo nisome. Siku ya kwanza sentimita thelathini. Siku ya sita hamsini na mbili! Mkono ungekuwa mfupi kidogo nisingesali.

Tumbo nitasema kwa adabu maana kuna wanawake humu: lilifunga duka. Siku nne. Papai la asubuhi, matembele na maji mengi ndivyo vilivyolifungua.

Kichwa ndicho kilikuwa hatari. Nikisimama ghafla, dunia inakuwa nyeusi. Nikajifunza kukaa kwanza ukingoni mwa kitanda, nahesabu mpaka ishirini, ndipo nainuka. Siku nyingine ishirini haitoshi, nahesabu arobaini, watoto wananisaidia kuhesabu kwa sauti. Mikono ilitetemeka, chai ikamwagika. Usiku nikaota ndoto ndefu zenye rangi, moja nilikuwa namfundisha mbuzi kusoma kipimajoto.

Msinicheke. Mtu aliyekuwa hataki kitu akawa anangoja asubuhi ili aone leo kuna nini.

Ila ile safu ya Moyo, kila siku niliandika neno lilelile. Bado. Bado. Bado. Hata sikuwa nafikiria, mkono ulikuwa unaandika wenyewe.

Siku ya kumi na tano hivi, mambo yakaanza kupungua. Matonge manne. Sentimita thelathini na nane. Kuhesabu mpaka kumi tu. Ningefurahi, sivyo?

Sikufurahi hata kidogo. Niliingiwa na hofu.

Hapa lazima mnielewe. Kwetu kila mtu amekunywa kinini ya malaria, na kinini inakupiga. Masikio yanalia nziii mpaka husikii jogoo. Hivyo ndivyo unavyojua dawa iko kazini. Masikio yakinyamaza, imekwisha mwilini. Tumekua na hilo tangu utoto, hakuna aliyetufundisha wala aliyetupinga.

Nikamuuliza jirani, Papa Kambale, mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini, mwenye duka la sabuni na chumvi, Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi, mtu mwema kabisa.

"Aka, ndugu yangu! Dawa isiposikika iko wapi? Mwili yako imeishinda. Labda walikupatia ya zamani, nguvu imetoka."

Hayo ndiyo niliyokuwa nayawaza mwenyewe, alinipa tu moyo. Nikalitazama furushi nyuma ya mlango. Siku kumi na tano zimebaki, dawa imekufa, safu ya Moyo inasema bado. Jioni ya kumi na sita nikameza viwili. Jioni iliyofuata viwili tena. Sikumwambia mtu.

Wakuu, ule mdomo ulirudi na kaka zake wote! Nami, mjinga, nikafurahi. Nikasema sasa inafanya kazi.

Asubuhi ya kumi na nane niliinuka kutoka kwenye kibao uani, nimesahau kuhesabu. Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka niko chini kando ya kinu, damu inaingia jichoni, na Mama Nadine anapiga yowe. Akakimbilia ndani, akafungua lile furushi, akatoa kikwembe, akanifunga kichwa. Nikapakiwa kwenye toleka, baiskeli ya abiria, kijana anasukuma huku mke wangu amenishika nisidondoke. Daftari alikuwa amelibana kwapani.

Désiré alishona, akauliza, nikasema ukweli. Akakasirika sana.

"Papa, nani alikuambia uongeze? Kinini iko kinini! Hii iko kitu ingine. Ukizidisha inagusa moyo, ule unaopiga, unaweza kulala na usiamke. Mwili inaizoea, ndio maana haikusumbui tena. Kuacha kukusumbua si kusema imekufa."

"Lakini haijanisaidia kitu," nikasema. "Angalia mwenyewe. Nimeandika kila siku."

Akafungua daftari, akasoma zile safu zangu, kwanga na rula na yote. Nilimwona anazuia kicheko. Alipofika kwenye Moyo akatikisa kichwa. Hapo mke wangu akanyoosha mkono, akaligeuza daftari juu chini, akalifungua kutoka nyuma.

Kulikuwa na maandishi. Ya kwake. Kwa penseli.

Mwanamke huyu alikaa na mimi Yangambi miaka yote ile. Sheria aliijua. Wa pili hasemi kitu.

Désiré akasoma kwa sauti.

"Siku ya tisa. Amelala mpaka jogoo."

"Siku ya kumi na mbili. Ameomba pilipili."

"Siku ya kumi na ine. Amegombeza Nadine juu ya devoir ya masomo. Nimefurahi."

"Siku ya kumi na sita. Asubuhi amesimama inje, ameangalia juu. Amesema mvua itakuja mbele ya saa nane. Imekuja."

Wakuu, sikukumbuka. Naapa sikukumbuka. Nilimtazama mke wangu nikamuuliza, mimi? Niliangalia juu? Akasema, "Ndiyo. Na kidole ukanyoosha."

Siku hiyohiyo, kwenye safu yangu, nilikuwa nimeandika bado. Na jioni yake nikameza viwili.

Nililia pale kwenye kitanda cha centre, mbele ya kijana yule. Dawa ilikausha mdomo, ilikausha kila kitu, kumbe machozi iliyaacha.

Désiré alinikataza kidonge cha jioni ile, akanipima kwa siku chache, akanirudisha kwenye kimoja. Nilikunywa karibu mwaka, na kuacha nikaacha polepole kwa kuongozwa naye. Kikwembe chenye damu kilifuliwa kikaanikwa, watoto wakavaa nguo zilizokuwa kwenye furushi. Halikufungwa tena.

Kwa yule mwenzetu wa siku ya nne: mwambie aliyekuandikia dawa kila kinachokupata, hata kile cha aibu. Ukizimia, ukivimba, ukianza kuwaza kujidhuru, usingoje kesho. Hayo mengine yachunguze kama mgeni aliyefika kwako na tabia zake, mengi yataondoka yenyewe. Yakiondoka usidhani dawa imeondoka nayo. Na usijisome peke yako. Tafuta wa pili, mtu anayekuona ukiwa hujioni.

Tuliporudi kutoka centre tulikaa mezani tukalinganisha siku zote kumi na nane. Tulipopatana nikaandika kwa bic. Kwenye Moyo nilifuta "bado" zangu, tukaandika za kwake.

Ni siku moja tu tulishindwa kupatana, ile ya kuanguka. Mimi niliandika "kizunguzungu." Yeye aliandika "amekufa mbele yangu, amerudi." Sheria inasema tusipopatana turudi kusoma upya, na ile hatutaki kuisoma tena, si yeye wala mimi. Mpaka leo iko kwa penseli.

Haya, uwanja ni wenu. Aliyewahi kuzianza hizi dawa, ilikushika wapi kwanza, na nani alikuwa msomaji wako wa pili? Andikeni, Mama Nadine ameshachukua miwani.