Mikono ya Wanaoondoka

Wakala aliyenitafutia kazi alinipa ushauri mmoja tu. "Wakikuuliza kuhusu familia, sema huna. Wanataka mtu wa kukaa." Nikasema sina. Binti yangu alikuwa na miaka minne, yuko Nakuru kwa mama yangu, na kwa neno moja nikamfuta. Kibali cha mhudumu hakikuruhusu kuleta mtoto hata hivyo, kwa hiyo nilijiambia sijamdhulumu mtu.

Nyumba ya wazee niliyopelekwa iko Kingstanding, huko kwa Waingereza, kwenye mitaa inayofanana hadi unapotea ukienda kununua maziwa. Wahudumu walihama kila kukicha. Huyu amepata hospitali, yule amepata Kanada, na meneja wetu, mwanamke mwema aliyekonda kwa kutafuta watu, anashinda kwenye simu akipiga nchi za mbali.

Chumba cha mwisho alikaa mama wa Kihindi aliyekulia Kisumu. Macho yake yalikuwa hayaoni tena, na Kiingereza kilikuwa kimemtoka chote. Kilichobaki ni Kigujarati cha kuongea na wanawe Jumapili, na Kiswahili cha jikoni cha kuongea nami. Siku moja alimshika mkono mhudumu kutoka Kerala akamwuliza, "Wewe nafunga mizigo?" Yule hakuelewa, akacheka tu. Wiki iliyofuata akaacha kazi. Baadaye akaulizwa kijana wa Zimbabwe, ambaye mipango yake hata mkewe alikuwa hajaambiwa, na yeye pia akaenda.

Mkongomani niliyekuwa naye zamu alikataa kuingia kule peke yake. "Dada, ule mama ni mulozi," aliniambia, na hakuwa anatania.

Meneja yeye aliona faida. Aliniuliza maana ya maneno yale, nami kwa kimbelembele changu nikamtafsiria. Tangu hapo, bibi akimwuliza mtu habari za mizigo, mtu huyo huitwa ofisini kwa chai na biskuti, anaongezwa mshahara kidogo, anapewa likizo ya Krismasi. Wengine walibaki kweli. Mimi niliupita mlango ule mbiombio.

Kisha hospitali moja ya Australia ikanikubali. Huko waliutaka uuguzi niliousomea, na mtoto aliruhusiwa. Sikumwambia mtu, hata mama yangu. Asubuhi moja nampaka bibi mafuta miguuni, meneja amesimama mlangoni, bibi akanikamata mkono.

"Na wewe nafunga mizigo?"

Meneja alikuwa ameshalizoea neno lile. "Amekuuliza wewe?"

"Hapana. Anakumbuka safari yake ya kutoka Kisumu."

Akashusha pumzi. "Nilishtuka. Wewe ndiye ninayekutegemea hapa. Huna hata mtu wa kukuvuta nyumbani."

Alipokwenda nilimwuliza bibi amejuaje.

"Mkono," akanijibu. "Mtu ya kukaa, mkono yake ngumu, naharakisha. Mtu ya kwenda, mkono naanza kuwa na huruma."

Nilipotoa notisi meneja alilia, akaniuliza ni nini angeweza kunipa. Hata hapo sikumtaja binti yangu. Uongo ukikaa sana unakuwa kama kiti cha nyumbani, unakizunguka tu bila kukiona.

Siku ya mwisho niliogopa kuagwa na bibi, kwa hiyo nikaifanya mikono yangu kuwa migumu. Nilimvisha soksi harakaharaka, nikamsukumia mto mgongoni kama mtu atakayekuwepo hapo hadi azeeke. Aliuegemea kwenye kiti chake. Nikadhani nimemweza.

Nikiwa nimeshika kitasa, akanyoosha mkono kando ya kiti na kusimamisha kiganja hewani, vidole vikielekea juu, jinsi watu wa kwetu wanavyoonyesha kimo cha mtoto.

"Haya, nenda," akasema. "Huyu nangoja."

Katika nyumba ile hapakuwa na mtu aliyejua kwamba nina mtoto. Niliganda pale mlangoni nikikitazama kile kiganja, na jambo la kwanza lililonijia, Mungu anisamehe, lilikuwa kumsahihisha. Nilitaka kumwambia hapana, bibi, umekosea, binti yangu ni mfupi kuliko hapo. Kisha nikakumbuka kwamba nina miaka mitatu sijamwona.