Wimbo wa Tarsinah Hupita Jikoni Kwanza

Saa mbili asubuhi, nyuma ya nyumba yenye harusi huko Indramayu, pwani ya kaskazini ya Java, Tarsinah amekaa mkekani akimenya vitunguu pamoja na akina mama kumi na wawili. Mbele ya nyumba turubai limeshasimama, na bendi ya dangdut, muziki wa dansi wa huku, inafunga spika. Tarsinah anamenya, anaimba kwa sauti ya chini, na anawatazama wenzake kwa jicho la pembeni.

Hakuja kupika, ingawa kisu kiko mkononi. Kaleta wimbo.

Watunzi wa huku wanajua: wimbo mpya hupitishwa kwanza kwa wamenya vitunguu wa shughuli. Wakiudaka bila kuombwa, unakwenda jukwaani. Wakianza kusengenya majirani, basi, huo umekufa, ukazikwe.

"Hawa hawajui kubembeleza mtu," ananiambia Tarsinah, mwenye umri wa miaka 39. "Mwenye studio atakwambia wimbo mzuri huku anachezea simu. Mtu mwenye kitunguu machoni hana muda huo."

Leo ana sababu ya kutetemeka. Mwaka juzi wimbo wake mmoja uliimbwa kila harusi ya wilaya hii. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sifa zikamlevya, akaanza kutafuta maneno makubwa makubwa. Zikafuata nyimbo tatu, na zote tatu zikaanguka chali.

Bendi humlipa rupia laki saba na nusu kwa wimbo uliokubalika. Tangu mavuno ya mpunga yaliyopita hajapokea hata senti. Asubuhi anakaanga na kuuza tempe, vipande vya soya iliyochachushwa, na siku ikiwa njema anabakiwa na elfu arobaini.

Nyumbani kwake ipo fomu ya kwenda Taiwan kutunza wazee kwa miaka mitatu. Jumatatu anatakiwa akapimwe afya. Binti yake, Kaesih, ana miaka tisa.

"Maji yamefika shingoni, ndugu yangu," anasema. "Wimbo huu ukianguka, naondoka. Mwanangu nitamwona kwenye simu mpaka awe mwari."

Wimbo wenyewe ni mwepesi. Mwanamke aliye ng'ambo anampigia mumewe simu na kumuuliza, "Umekula?" Mume anajibu, "Nimekula." Hapo hapo, bila kuvuta pumzi, anaendelea: "Shahidi wangu ni mwezi ulioinamia mto Cimanuk." Mstari huo wa mwezi ulimchukua Tarsinah wiki mbili nzima.

Anaanza kuimba. Anapofika kwenye "Nimekula", Bi Wastem, mpishi mkuu wa shughuli, anadakia kwa sauti.

"Mwongo! Huyo hajala tangu jana!"

Jiko zima linaangua kicheko, na mwezi wa watu unapotelea humo humo.

"Hebu rudia, binti," anasema Bi Wastem.

Tarsinah anarudia. "Nimekula..." Safari hii wanajibu watano: "Mwongo!" Mwezi hausikiki tena.

"We Sinah, hebu utoe huo mwezi wako! Sisi tunataka kumjibu huyu mwanamume, wewe unatuziba mdomo," anasema Bi Wastem.

"Lakini Bi, huo ndio mstari mzuri kuliko yote!"

"Mzuri kwako. Sisi tujibu wapi?"

Tarsinah anaweka kisu chini. Katika dangdut ya pwani hii hakuna anayekuja kusikiliza tu. Baina ya mistari huachwa nafasi, na watu hurusha neno lao, kila mtu na utani wake. Hata mtoto anayenyonya anajua. Yeye, anayetunga kwa mwaka wa kumi na sita sasa, alikuwa ameijaza nafasi yote kwa maneno yake mwenyewe.

"Niliona aibu, nisikufiche," anasema. "Nyimbo zote tatu zilizoanguka, kosa lilikuwa hilo hilo. Niliwapikia watu, halafu nikala mwenyewe."

Anafuta machozi, na si ya vitunguu, kisha anakwenda jukwaani kwa Mang (yaani Mjomba) Darkim, mpiga ngoma na kiongozi wa bendi, ambayo imeshaufanyia mazoezi wimbo huo.

"Mang, futa mwezi."

"Nifute nini?"

"Baada ya 'nimekula', usipige kitu. Hesabu mapigo manne, kaa kimya."

"Kimya harusini? Sinah, watadhani umeme umekatika!"

"Waache wadhani."

Adhuhuri wageni wamejaa, sahani za wali mikononi. Mwimbaji anauanza wimbo. "Umekula?" Kisha, taratibu, "Nimekula..." Ngoma zinakatika.

Kimya. Pigo la kwanza. La pili. Wageni wanatazamana. Tarsinah ameshika nguzo ya turubai, macho kayafumba, anahesabu.

Mara kutoka jikoni, makoo kumi na mawili kwa pamoja: "Mwongooo!"

Ngoma zinaingia kwa kishindo. Turubai zima linacheka. Mzunguko wa pili wanajibu wageni wote, hata bwana harusi, aliyekuwa amekaa kama sanamu tangu asubuhi. Mzee mmoja wa mstari wa mbele, ambaye mkewe yuko Taipei, huko Taiwan, mwaka wa nne sasa, anapiga kelele kuliko wote, anacheka, anajifuta uso kwa mkono wa shati.

Wanauomba mara tatu. Tarsinah anachuchumaa pale pale kwenye nguzo. "Alhamdulillahi," anasema, na analia bila kujificha.

Mang Darkim anashuka, jasho linamtiririka. "Wimbo mmoja kila mwezi, mwaka mzima. Milioni na nusu kila mmoja. Na huko Taiwan waambie watafute mwingine."

Si utajiri, lakini fedha hiyo inamtosha yeye na mwanawe. Tarsinah anampigia simu wakala wa kazi ya Taiwan mbele ya watu wote.

"Kaka, samahani, Jumatatu siji. Hapana, siumwi. Nimepona."

Tunakula wali wa harusi, na kwa mara ya kwanza leo anakula bila haraka. Namuuliza atatunga nini sasa. Anafikiri kidogo.

"Nyimbo zangu zote ni za watu walioondoka," anasema. "Nataka kutunga wa mtu aliyebaki. Sijui unaanzaje, maana sijawahi kuwa na nafasi ya kujua. Kwanza nikalale, halafu nimuulize Kaesih."