Mfupa wa Baba, Damu ya Mama

Wewe unayenisikiliza, kaa vizuri. Nitakueleza jambo ambalo niliweza kuwaeleza wengine siku niliposhika mfupa wa mbuzi mkononi.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Nilikuwa muuguzi wa zahanati upande wa Zombo, na jirani yangu alikuwa na binti mdogo aliyesumbuliwa na mifupa. Vidole vilimvimba, macho yakageuka manjano, akalia hadi sauti ikakauka. Tulimpeleka Kilosa akapimwa damu. Majibu yakaja: ni ugonjwa ambao siku hizi tunauita selimundu. Chembe za damu hupinda kama mundu na kuziba njia mwilini.

Nyumbani majibu hayo yaligeuka kesi. Kwetu milimani husemwa kwamba mtoto hupewa damu na mama, na mfupa na baba. Nami nililelewa na maneno hayohayo. Basi damu ikiwa na kasoro, mwenye kosa anajulikana. Ndugu wa mume wakaitisha kikao ili mama yule arudishwe kwao, yeye na mtoto wake. Hakutaka kwenda. Alimpenda mumewe, na mahindi yake yalikuwa yameanza kubeba.

Wakati huo daktari mmoja, akiwa njiani kwenda Mikumi, alikuwa amepita zahanati na kunipa habari iliyonikaa kichwani. Nchi za mbali watafiti walikuwa wakijaribu kuchukua uboho wa ndugu mzima na kumtia mtoto mwenye maradhi mazito ya damu, ili mwili wake uzae damu mpya.

"Uboho?" nilimuuliza. "Si huu tunaoufyonza kwenye supu?"

"Huohuo. Damu huzaliwa humo."

Alinionya kwamba kazi hiyo bado changa na ya hatari, na kwa ugonjwa wa binti yetu hawajathubutu. Nilishukuru hata hivyo.

Siku ya kikao palichinjwa mbuzi mchanga. Dada mkubwa wa mume alikuwa uani akikata nyama, na mdomo wake haukupumzika.

"Shikamoo, dada," nilimsalimia.

"Marahaba. Umekuja kumtetea mwenzako? Sisi tulitoa mfupa, na mfupa wetu hauna ila. Mtazame kaka yangu, amenyooka kama mwanzi!"

"Mwanzi ndani mtupu," akadakia mzee mmoja, mtani wao. Watu wakaangua kicheko.

"Mfupa si mtupu," nikasema. "Dada, naomba huo wa paja uliokwisha kuupasua."

Nikauinua wote wauone. Ndani ulikuwa mwekundu.

"Hiki nini?" nikauliza.

"Uboho," dada akajibu. "Hata mtoto anajua."

"Damu huzaliwa humu, kama miche kitaluni. Haya niambieni, mfupa ni wa nani?"

Mtani akapiga makofi. "Wa baba! Jamani, leo mwanzi umetoka damu!"

Sikutaka mzigo uhamie kwa baba. Mfupa ulikuwa umefungua masikio tu. Maelezo yenyewe yalifuata. Nikawaambia kwamba kila mzazi alimpa mtoto fungu moja la kasoro ile. Mwenye fungu moja huwa mzima, wala hajijui. Mtoto amepata mawili.

Mume, aliyekuwa ameinama muda wote, akainua kichwa. "Kwa hiyo tumempa sote."

"Nyote, na hakuna aliyekusudia."

"Basi hakuna wa kurudishwa," akasema, akamtazama dada yake. "Dada, chakula kinaiva lini?"

Mama yule alivuna mahindi yake mwenyewe. Wifi yake naye akaanza kumwekea binti uboho kila palipopikwa supu. Nilimweleza kwamba ukiliwa huenda tumboni kama chakula kingine, haufiki mifupani.

"Nimekuelewa," alisema. "Lakini anaupenda."

Binti alikuwa na siku mbaya na siku njema. Tulimpa maji mengi, dawa za malaria, na blanketi asubuhi za baridi. Alikwenda shule akiwa nalo begani. Siku hizi nasikia kazi ile ya uboho imewafikia hata watoto wa selimundu, ingawa si wote. Nafurahi kila nikisikia.

Nawe ukiwa na mtoto anayelia mifupa, mpeleke akapimwe damu. Nendeni wawili, baba na mama, mkae benchi moja.