Sikukuachia Mboga

Usiku ule nililala na hasira, hata uji sikuumaliza. Mchana wake tulikuwa na mkutano lamboni. Mwenyekiti wa kamati ya maji alisimama juu ya tuta linalozuia maji, mikono nyuma, anatuonyesha bustani iliyo chini yake. Kiangazi chote kijiji kilikauka, ila pale chini ya tuta mchicha ulisimama kijani, ardhi imelowa, hupiti na kandambili. Akasema hiyo ni baraka. Mimi nikauliza, baraka hiyo inapita wapi mpaka inafika huku nje? Lambo kazi yake ni kushika maji. Nikasema mvua zimeanza, maji yanapanda, na kule juu nguchiro wamechimba mashimo, hakuna anayeziba.

Akacheka. "Bibi, wewe kula mchicha wako, tuta tuachie sisi."

Watu wakacheka naye. Na Milembe, mwanangu, ambaye nyumba yake na bustani yake viko palepale chini ya tuta, naye alicheka. Nilimwona. Alijifunika mdomo kwa kanga, lakini mabega yalikuwa yanacheza.

Milembe sikumzaa mimi. Alizaliwa na Nyamizi, mke mwenzangu. Nyamizi na mimi hatukupendana, nisiseme uongo. Tuligawana mume mmoja na jiwe moja la kusagia, na tuliligombania zaidi jiwe. Lakini lambo lile tulilijenga pamoja. Hapakuwa na katapila. Wanaume walichimba, sisi wanawake tukabeba udongo mwekundu wa vichuguu kutoka kule mlimani, kwa sababu udongo wa bondeni ni mweusi, ukikauka unapasuka. Tunaumwaga, tunaulowesha, tunaukanyaga kwa miguu mpaka unakuwa mgumu, ndipo tunamwaga mwingine juu yake. Nyamizi alikanyaga akiwa na mimba ya Milembe. Mtoto akazaliwa, akaanza kutambaa, mama yake akashikwa na homa. Kabla hajafa aliniita mimi, hakuwaita dada zake. Akaniwekea mtoto mapajani.

Basi, nikalala.

Nikajiona niko uani kwangu nachambua maharage, jua limewaka. Nyamizi akaingia. Alikuwa na mtungi kichwani na matope mpaka magotini, matope mekundu. Hakupiga hodi, hakunisalimia. Kwetu mtu akiingia uani bila salamu, ama ana msiba ama anatafuta ugomvi. Nikaendelea na maharage yangu. Anatua mtungi. Mtungi unavuja, maji yanakuja yanalowesha maharage, namwambia ausogeze, hausogezi.

Nanyanyua macho, ua haupo. Tuko juu ya tuta, wanawake wengi, wote nawajua na wote tulishawazika. Wanakanyaga. Siku zile tulikuwa tunaimba mpaka sauti zinakauka. Sasa hakuna anayeimba, nasikia miguu tu. Na mimi nakanyaga. Mahali pangu panabonyea. Namwambia Nyamizi, hapa ndani hamna kitu. Anasema, "Kanyaga." Nakanyaga, mguu unazama mpaka pajani, na huko ndani nasikia baridi ya maji yanayopita, yanatembea taratibu kama mtu anayerudi kwake.

Nikauvuta mguu, nikajikuta chini, bustanini. Mchicha umekuwa mrefu kunipita. Naupasua kwa mikono. Katikati amekaa mtoto. Ni Milembe, si huyu wa sasa mwenye watoto wake, ni yule wa kutambaa niliyewekewa mapajani. Amekaa kwenye maji, anayapiga kwa viganja, na maji yanampanda kiunoni. Namwita, hageuki. Anacheka vilevile alivyocheka mkutanoni, mabega yanacheza.

Nyamizi amesimama nyuma yangu. Akasema, "Nilikuachia mtoto. Sikukuachia mboga."

Hapo nikapandwa na hasira. Nikamwambia yote. Nikamwambia yeye alikufa akapumzika, mimi nikabaki na kilio cha usiku, na surua, na nywele za kusuka kila wiki, na posa za wanaume wasiofaa. Hakuja hata siku moja kuniuliza nimeamkaje, leo anakuja na matope yake kunisimanga. Nikamwambia mchicha ule sikuupanda mimi, na nyumba ile niliwakataza wasijenge pale, wakasema bibi ana mambo ya zamani. Nilimpigia kelele mpaka kifua kikauma.

Akanishika kiganja. Mkono wake ulikuwa na joto, tena joto la mtu aliyetoka kazini. Akakizamisha kiganja changu pale maji yanapochomoza, akakitoa.

Kilikuwa chekundu.

"Unaujua udongo huu?"

Naujua. Nisiujueje, niliubeba kichwani. Bustani yote ile ni nyeusi. Wekundu ule hauna pa kutoka bondeni pale, ila ndani ya tuta.

Nikaamka. Nilikuwa nimekaa kitandani, ngumi nimekunja, namtukana mtu asiyekuwepo. Nje mvua ilikuwa inaishia ishia, na jogoo wa jirani amekwisha kuwika.

Sikusubiri chai. Nilimkuta Milembe mlangoni anasugua sufuria. Akaniamkia, akauliza kuna nini mapema yote ile. Nikamwambia anionyeshe anapochota maji ya kumwagilia. Akanipeleka nyuma ya jiko, karibu kabisa na tuta, kwenye kishimo kidogo ambacho maji yanachemka humo polepole bila moto. Nikainama, nikatia mkono, nikautoa. Wekundu ukateremka mpaka kwenye kiwiko.

"Yamekuwa hivyo tangu mvua zianze, mama," akasema. "Yatatulia tu."

Alikuwa anajua. Anachota, anaona, anamwagilia mchicha, halafu jioni analaza watoto palepale. Nilitaka kumpiga kofi, na umri wake ule. Nikampa ujumbe kama nilivyopewa. Nikamwambia mama yake amekuja, amesema aliniachia mtoto, hakuniachia mboga.

Akanitazama usoni, kisha akautazama mkono wangu. Hakucheka. Akaiweka sufuria chini, akaingia ndani, nikasikia anawaamsha watoto mmoja mmoja kwa majina yao.

Mimi nikapanda kwa mwenyekiti. Niliingia uani kwake bila hodi na bila salamu. Akasema, "Shikamoo, bibi." Sikuitikia. Nikamwambia afungue koki ya kutolea maji chini ya tuta, ambayo ufunguo wake anautunza yeye, sasa hivi maji yapungue, awahamishe watu wa bondeni, ampigie simu injinia wa wilaya aje aone kabla mvua haijarudi. Akanisikiliza mpaka mwisho, adabu ya kusikiliza anayo. Kisha akauliza nimeyajuaje hayo. Nikamweleza kuanzia kwa Nyamizi mpaka kwenye kishimo cha Milembe. Sikuficha, ndoto ni yangu, sikuiiba.

Akatabasamu. Akawageukia majirani waliokuwa wamesogea kusikiliza.

"Jamani, tumwage maji ya mwaka mzima kwa sababu bibi ameota?"

Wawili watatu wakaanza kuguna kwa kicheko. Nikamsogelea. Alikuwa amevaa shati jeupe la kwenda kanisani. Nikauweka mkono wangu kifuani kwake, nikaufuta polepole, kiganja na vidole vyote, mpaka udongo ukaisha mkononi ukabaki kwenye shati.

"Hiyo si ndoto," nikamwambia. "Hilo ni tuta lako. Kalifue shati leo, maji yangali yapo."

Kicheko kilikatika. Akashusha macho akalitazama shati, akaugusa ule udongo kwa kidole, akausugua kati ya vidole viwili. Akaingia ndani. Nikajua ameenda kubadilisha nguo, nikajiandaa kumfuata humo humo chumbani.

Alipotoka shati lilikuwa lilelile. Mkononi alikuwa na ufunguo wa koki.