Bakuli la Chini ya Birika

Mlinzi alinishika mkono kabla maji hayajafika kiwikoni. Nilikuwa nimechutama ukingoni mwa birika la kale, ndani ya ua wa hekalu moja la Guangzhou, mikono ya shati nimeikunja, kofia nimeiweka kando. Kusema kweli sikuwa nimefikiri lolote. Alasiri ilikuwa imeingia, mbele yangu zilikuwapo ngazi za mawe zikishuka majini, na mwili ukafanya ulichozoea tangu utotoni. Mlinzi alinifokea maneno mengi nikaambulia moja tu, lile tulilolisikia kila siku madukani, "buxing," haiwezekani.

"Buda, hayo si maji ya kunawa," akasema mwenzangu, mfanyabiashara wa Nairobi niliyekodi naye chumba. Yeye ndiye aliyenileta pale tupumzike kivulini, kwa kuwa bosi wa duka la mifereji, mama mmoja, alikuwa amefunga kwenda kula. "Hii ni ya kuangalia tu. Tusijiletee noma."

Nilikasirika. Maji ya kuangalia tu, hiyo ni dini gani? Kwetu Mombasa maji ya msikitini ni ya kila mpita njia, hata mlevi akitaka kunawa uso hafukuzwi. Nikasimama nikiyakodolea macho kwa chuki, ndipo nikawaona samaki.

Baba alikuwa na samaki vile vile. Alilitunza birika la msikiti wetu tangu kabla sijazaliwa, na kazi ya samaki ilikuwa kula viluwiluwi vya mbu. Chini kabisa, kwenye sakafu ya chokaa, lilipachikwa bakuli la Kichina la buluu na nyeupe. Aliyelipachika hatumjui. Siku ya kusafisha, maji yakitolewa, samaki hukimbilia humo wakangoja. Baba alikuwa akilipangusa bakuli lile kwa vidole vyake mwenyewe, hakubali mtu alitie brashi.

Na mimi nilikwenda Guangzhou kununua mifereji ya kuliondoa birika hilo. Kamati ya msikiti ilisema limepitwa na wakati, livunjwe, ijengwe safu ya mifereji inayong'aa. Kwenye kikao, wa kwanza kuinua mkono nilikuwa mimi. Baba alikaa karibu na mlango, mikono mapajani.

Pale hekaluni bibi mmoja alikuwa akizunguka na wavu wenye mpini mrefu, anaopoa majani, jani moja moja. Ngazi iliyobomoka ilikuwa imezibwa kwa jiwe jipya, limechongwa likakaa sawasawa na la kale. Nililitazama lile jiwe, hasira yangu kwa mlinzi ikaisha, ikanigeukia mimi. Watu waliotufinyangia bakuli wanaopoa majani katika birika lao, na sisi tuliopewa bakuli tumekodi nyundo. Tena kwa kura, na mkono wa kwanza ni wangu.

Nilimwacha mwenzangu akiniita, nikaenda kwenye kibanda cha simu nikampigia mwenyekiti wa kamati.

"Ngojeni kidogo," nikamwambia. "Lile birika msiliguse mpaka nirudi."

"Unachekesha wewe. Tumeshalivunja tangu juzi. Mafundi walipata nafasi."

"Tulikubaliana mungoje mzigo."

"Kwani kuna ubaya gani? Watu watakuja na udhu wao kutoka nyumbani."

"Na bakuli?"

"Bakuli gani?"

Wahenga wanasema majuto ni mjukuu. Yangu hayakungoja hata mtoto azaliwe. Bosi wa duka aliporudi nilinunua mifereji yote waliyoniagiza, maana sasa msikiti haukuwa na maji kabisa, na nikamfokea maskini yule mama asiye na kosa kwa kuchelewa kuifunga kwenye maboksi.

Nilipofika nyumbani Baba alikuwa kibarazani. Aliniuliza habari za safari, za chakula, za baridi. Kisha akauliza taratibu, "Na hao Wachina, mabirika wanayo bado?"

"Hawana, Baba. Wameweka mifereji."

Akatikisa kichwa muda mrefu. "Basi ni dunia nzima," akasema. "Nami nilikuwa nimekukasirikia wewe."